Ng'ombe wa Chuma

Juzi tumemzika Eliya Ndahani. Kabla jeneza halijatolewa, kijana mmoja wa ukoo alisimama kusoma wasifu wa marehemu, kama unavyosomwa kwenye kila msiba siku hizi: alizaliwa wapi, akasoma wapi, akaoa nani, akaugua nini. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, kanga nimejifunika mpaka machoni, nalia taratibu kwa adabu zangu zote, hadi yule kijana aliposoma kwamba marehemu alikitumikia kiwanda cha kukamua mafuta "mpaka alipoacha kazi kwa hiari yake mwenyewe." Machozi yalikauka hapo hapo. Hiari? Hiari ya nani? Wallahi nilishaweka mkono chini ninyanyuke, nimkatize mbele ya mchungaji na waombolezaji wote, jirani yangu akanivuta kanga akaninong'oneza, "Zubeda, tulia, tuko msibani." Nikatulia. Lakini tangu siku hiyo sina raha, na nimefika umri ambao mtu akisema ataandika mwakani anajidanganya. Kwa hiyo naandika sasa. Sitaanza na baba yangu alikuwa nani wala nilifikaje Dodoma, hayo hayana kazi hapa. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule ambao kampuni ilituamuru tuwe wabunifu.

Kiwanda chetu kilikuwa upande wa Zuzu, reli ikipita nyuma ya ukuta, na kilikuwa cha umma kama vilivyokuwa viwanda vyote. Mimi nilikuwa afisa ununuzi, maana yake nilizunguka vijijini na lori kununua alizeti na karanga. Nilikuwa binti bado, mdomo mrefu, sketi imepigwa pasi. Lakini miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, ilitukuta vibaya. Wafanyabiashara wenye pikapu walikuwa wakifika shambani kabla yetu na wanalipa papo hapo, wakati sisi tunamwambia mkulima aje ofisini wiki ijayo, na wiki ijayo tunamwambia hivyo hivyo tena. Madukani mafuta ya kutoka nje yalikuwa yamejaa, kwenye vidumu vya njano, na bei yake iko chini ya yetu. Mashine kubwa ilikaa kimya siku nenda siku rudi kwa kukosa mbegu. Watu walikuja asubuhi, wakasaini, wakacheza drafti kivulini, wakarudi makwao. Chooni, kantini, kwenye benchi la getini, habari ilikuwa moja: tunauzwa, tunapunguzwa, ataanza nani. Jioni nilikuwa nikirudi chumbani kwangu nakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, sina hata hamu ya kuwasha jiko. Watu hawajui kwamba kukaa bure kazini kunachosha kuliko kazi.

Ndipo akaletwa Meneja Mkuu mpya kutoka Dar es Salaam, mtu mnene kidogo, mchangamfu, tai shingoni hata kwenye joto la Oktoba. Alituita kantini saa ya chakula, siku ya makande, akapanda juu ya benchi ili aonekane. "Ndugu zangu," alisema, "tumezoea kufikiri kama ofisi ya serikali, na ofisi ya serikali haiuzi mafuta. Kuanzia leo kila mmoja wenu ni mjasiriamali humu humu ndani. Fundi, dereva, mpishi, karani. Mwenye wazo asingoje kibali. Asiniletee makaratasi, aniletee matokeo!" Neno lenyewe lilikuwa bado geni masikioni mwetu. Bi Tatu mpishi, mwiko mkononi, akauliza kutoka dirisha la jikoni, "Samahani Meneja, huyo mjasiriamali mshahara wake unapanda au unashuka?" Kantini nzima tuliangua kicheko, na Meneja mwenyewe akacheka akajifuta jasho. Nakiri kwamba nilimpenda siku ile. Tulikuwa hatujachekeshwa na mkubwa yeyote kwa muda mrefu mno.

Kicheko hakijaisha, Eliya Ndahani alisimama. Huyu alikuwa mkuu wa karakana, Mgogo wa Mlali, amesomea ufundi chuoni, ana sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Hakuwa mpole na hakuwa mnyenyekevu, wala asije mtu akanidanganya hivyo leo kwa kuwa amekufa. Alijua anajua, na alipenda wengine wajue. "Meneja," alisema, "mbegu hazitufikii. Basi mashine iende zilipo mbegu. Karakana yangu inaweza kutengeneza mashine ya mkono, ya mpini mrefu, inakamua alizeti bila umeme wala dizeli. Nipe chuma kilichomo stoo, nizipeleke vijijini." Meneja akamuuliza nani atazitunza huko, na kama ataajiri watu wengine wakati hata hawa waliopo hajui atawalipa nini. Eliya akasema, "Hatuajiri mtu. Tunawekesha. Kama ng'ombe." Wenyeji wote pale kantini, madereva, walinzi, wapakiaji, walipiga makofi na kugongana mabega. Sisi wa kuja, mimi na Meneja na wahasibu, tuliwatazama tu.

Nieleze kwa asiye wa huku. Mgogo mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Anawagawa, mmoja kwa shemeji, mwingine kwa rafiki wa kijiji cha mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, kule wabaki. Aliyewekeshwa anakamua maziwa, anakunywa na wanawe, samadi ni yake. Ila ng'ombe si wake, na ndama si wake. Ng'ombe akifa, anachunwa na ngozi inapelekwa kwa mwenyewe. Hakuna karatasi, hakuna shahidi wa kiserikali, na mtu anaweza kuwekesha ng'ombe wake miaka na miaka asidhulumiwe hata mkia. Eliya alitaka kampuni ifanye hivyo hivyo. Mama wa kijijini atatunza mashine, atakamua alizeti yake na ya majirani, mashudu ya kulishia mifugo yatakuwa yake pamoja na mafuta ya kupikia nyumbani kwake, na mafuta yanayobaki atatuuzia sisi tu, tuyachuje na kuyafungasha kwa jina letu. Meneja alishuka kwenye benchi akamshika Eliya mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hii ndiyo akili ninayoitaka kwenye kampuni hii! Anza kesho!" Kantini nzima ilisikia. Bi Tatu alisikia, mlinzi alisikia, na mimi nilisikia nikiwa na punje ya mahindi kwenye jino.

Karakana iliamka. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti mwaka mzima walianza kuja kabla ya kengele. Walikata, walichomelea, walipiga tupa, na Eliya akizunguka katikati yao na ovaroli lake, akisifu kwa matusi. "Hiki ulichochomelea ni nini, wewe, uji? Rudia!" Bi Tatu aliwapelekea chai na viazi vitamu pale pale kwenye kelele, na wala hakuwa ameambiwa na mtu. Na ule moto uliambukiza. Maabara wakaanza kujaribu sabuni kutokana na masalia ya mafuta. Madereva wakapendekeza lori lisirudi tupu kutoka vijijini. Kila Jumatatu Meneja alipita karakana na wageni wake kutoka Dar akiwaonyesha zile mashine, anazipapasa, anasema, "Vijana wangu wamebuni hizi." Eliya alinikonyeza nyuma ya migongo yao. Nilikuwa na furaha, bwana. Naona aibu hata kusema, lakini nilikuwa nikienda kazini naimba.

Mashine ya kwanza tuliipeleka Mlali kwa Mama Nyemo, mjane mrefu mwenye shanga shingoni na maneno machache. "Mbukwenyi!" alitupokea kwa salamu ya Kigogo, nasi tukamwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yakiwa kwenye lori. Hakutukaribisha ndani kwanza. Aliizunguka mashine iliposhushwa, akaipiga kofi ubavuni, akainama kutazama chini yake, akamwuliza Eliya ina tabia gani, inapenda alizeti iliyoanikwa sana au kidogo, na ikikwama isemeshwe vipi. Eliya alimjibu yote bila kucheka. Kisha Mama Nyemo akaushika mpini akaukandamiza, na mafuta yalipoanza kuchuruzika kwenye sufuria alipiga kigelegele kimoja kifupi, akatuambia sasa tuingie tule. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na kuku ambaye nilimwona anakimbia wakati tunafika. Ndani ya nyumba ile ya tembe, paa liko chini, moshi unauma macho, nilimsikia Eliya akimwambia, "Mama, huyu ni ng'ombe wa kampuni. Nimekuwekesha wewe kwa sababu ya kampuni." Akajibu, "Kampuni ni nani?" Eliya akafikiri, akasema, "Ni mimi, na huyu binti, na wengine wengi." Mama Nyemo akaridhika. Baada ya yeye tukaziweka nyingine kwa wanawake wa vijiji vya jirani, na kila lori liliporudi Zuzu lilirudi na mapipa yamejaa.

Kumbe wakati sisi tunafurahia mapipa, kampuni ilikuwa imeshaingizwa kwenye orodha ya kuuzwa. Wakaja wakaguzi kuthamini mali, wanaume wawili wenye mikoba, wakapewa chumba kando ya ofisi yangu, tumetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba. Walifungua stoo wakakuta chuma kimepungua. Wakamwita Eliya, nami nikaitwa kama afisa ninayepokea mafuta. Chumba cha mikutano kilinukia vitumbua ambavyo hakuna aliyekula. "Chuma kiko wapi?" Eliya akajibu kwa sauti yake ile ile, "Kiko Mlali, kinakamua." Wakauliza kibali. Akamgeukia Meneja akitabasamu, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kusema. Meneja aliitazama tai yake. "Mimi nilisema watu walete mawazo," alisema. "Sikusema watu watoe mali ya kampuni getini." Eliya hakuelewa mara moja. Nilimwona anaendelea kutabasamu huku sura inabadilika. "Meneja, ulisema hutaki makaratasi. Ulinishika mkono mbele za watu." Meneja akasema kwa upole kabisa, "Nani alisikia?" Nikapaza sauti, "Mimi nilisikia!" Mkaguzi mmoja akaniuliza nina muda gani kazini, nilipomjibu akaandika kitu na hakuniuliza tena.

Waliwaita wafanyakazi mmoja mmoja, na mimi nikakaa ofisini kwangu nimeegemeza kichwa kwenye zile mbao, nasikia. Mlinzi hakumbuki. Mhasibu siku ile alikuwa benki. Mafundi wa karakana, wale waliochomelea kwa mikono yao, walisema walifuata amri ya mkuu wao. Bi Tatu alisema alikuwa jikoni, moshi ulikuwa mwingi, hakusikia mtu akisema neno. Katika vitabu mafuta yetu yalikuwa yameandikwa kama mafuta yaliyonunuliwa vijijini, basi, na mashine hazikuonekana popote. Baadaye nikamsikia Meneja kwenye simu, sauti ile ile ya uchangamfu: "Hapana, mzee, kampuni ni safi. Ni tatizo la mtu mmoja tu." Nilitoka nikamfuata Bi Tatu jikoni nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Aliacha sufuria ikiungua akanishika mabega. "Zubeda, wanapunguza watu mwezi huu. Nina watoto. Wewe huna. Nifanye nini, nambie nifanye nini!" Nikaiepua ile sufuria motoni. Sote tulikuwa tumekabwa koo, na kila mmoja alidhani akinyamaza ataachiwa apumue.

Eliya alichukuliwa na polisi mchana, karakana imejaa watu, kwa tuhuma ya wizi wa mali ya umma. Sitasahau kwamba aliomba kwanza azime mashine ya kuchomelea. Nyumbani kwake, Area D, mkewe Mama Danieli alinipokea kwa chai ya rangi isiyo na sukari, akanikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufumwa, akaniuliza swali moja tu, tena na tena, kwa maneno tofauti. "Mdogo wangu, hebu nieleze, aliwaibia nini? Hata misumari ya nyumba hii alinunua dukani." Siku ya kumtembelea mahabusu nilienda naye. Eliya alikuwa amekonda, amenyolewa nywele, lakini alinisemesha kama bado tuko kwenye lori. "Acheni kulia nyinyi. Ni jambo dogo. Waende Mlali waone kwa macho yao. Mashine zipo, zinafanya kazi, zina alama ya karakana. Mama Nyemo akishasema ni ya kampuni, wizi uko wapi? Mwizi gani anamwibia mtu kisha mali inabaki ya mwenyewe? Zubeda, wapeleke. Mama Nyemo hasemi uongo." Nilimwahidi. Nilishukuru Mungu kwamba kuna jambo ninaloweza kulifanya.

Tulikwenda kwa Landrova ya polisi, mkaguzi mmoja wa wale wenye mikoba mbele, mimi nyuma na askari wawili. Mama Nyemo alikuwa uani na wanawake wengine, wanakamua. Walituona, wakaacha mpini. Nikatoa shikamoo yangu, nikaanza kueleza, mkaguzi akanikatiza. "Mama, hii mashine ni ya nani?" Mama Nyemo akamtazama yule mtu, akawatazama askari na bunduki zao, akanitazama mimi. "Ni yangu," akasema. "Mama," nikasema, "waambie tu, usiogope. Ni ya kampuni. Alikuwekesha Kaka Eliya, nilikuwepo, tulikula kuku." Akatingisha kichwa. "Simjui Eliya. Mashine ni yangu. Nilinunua kwa mbuzi wangu." Mkaguzi akauliza aliyemuuzia ni nani. "Mtu wa njiani." Nilipiga magoti, mimi binti wa ofisini na sketi yangu, nikamshika kanga nikamsihi mbele ya wote. Akaninyanyua kwa huruma, na alipokuwa ananipangusa vumbi akaniinamia sikioni. "Usilie, mwanangu. Najua wamekulazimisha. Hawatampata ng'ombe wenu hata mmoja."

Hapo nikaelewa, na ikawa nimeshachelewa. Katika maelezo yote ya Eliya kantini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulisema, kwa kuwa kwake halikuhitaji kusemwa. Mgeni akija na bunduki kuulizia ng'ombe uliyewekeshwa, unasema ni wako. Babu zao waliwaficha ng'ombe hivyo kwa watoza kodi, kwa wakoloni, kwa kila mwenye kofia aliyepita kuhesabu mifugo. Anayesema "ni wa fulani" mbele ya askari amemsaliti fulani. Basi wale wanawake, kijiji baada ya kijiji, kwa uaminifu wao wote, walimkana Eliya. Wengine walinitazama kwa uchungu kwamba mimi nimekubali kutumiwa. Mkaguzi hata hakukasirika. Njia nzima ya kurudi alikuwa akipiga mluzi. "Binti," aliniambia tulipofika, "umesikia mwenyewe. Mashine ziliuzwa."

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi peke yangu. Mama Nyemo alikuwa anachambua mlenda, akanikaribisha kwa furaha, anataka kunisimulia jinsi walivyowashinda wale watu. Nikamwambia Eliya yuko ndani. Nikamwambia yuko ndani kwa sababu ya neno lake, na kwamba safari hii tulihitaji mtu mmoja tu wa kusema ukweli. Hakulia. Aliweka ungo chini, majani yakamwagika, akakaa kwenye majivu ya jikoni na miguu yake ameinyoosha mbele. Kisha akasema, "Nimemwua mtoto wa watu kwa mdomo wangu." Nikamwambia hapana, hakujua. "Kutojua kwangu kutamtoa?" akauliza. Akasimama, akapiga kelele ya kuwaita majirani, na kabla sijaondoka alikuwa ameshatuma watu kwa wenzake wote. Alichoamua kilikuwa kile ambacho mtu wa kwao angeamua. Mwenye ng'ombe akidai, anarudishiwa mlangoni kwake, watu wote wakiona.

Walikuja na lori la mfanyabiashara mmoja wa alizeti, wa wale wale waliokuwa wanatunyang'anya mbegu, aliyekubali kuwabeba bure aliposikia habari yenyewe. Wanawake walikuwa wamevaa nguo za kanisani. Mashine walizipangusa mafuta zikang'aa, wakazishusha moja moja mbele ya geti la kiwanda, wakapanga mstari. Wafanyakazi wote tulitoka nje. Meneja naye akatoka, nyuma yake wale wenye mikoba. Mama Nyemo alisogea akapiga goti kidogo kwa heshima. "Baba, ndiwe mwenye kampuni? Tumekurudishia ng'ombe wako. Wako hai wote. Nilisema uongo mbele ya askari, nifungeni mimi. Eliya alituwekesha, hakutuuzia. Mtoeni." Nilimtazama Meneja, na nasema kweli, bado nilikuwa na tumaini. Alikuwa na njia nyepesi mbele yake, neno moja tu. Lakini hesabu ya mali ilikuwa imeshafungwa na kupelekwa, mnunuzi ameshaonyeshwa, na kusema "ni zetu" ilikuwa kusema kwamba alijua. Akajikohoza. "Kampuni haina mashine kama hizi," alisema. "Hazimo kwenye mali zetu. Mlinzi, funga geti." Na mlinzi, aliyepiga makofi siku ile ya makande, akafunga. Bi Tatu aliingia jikoni analia kwa sauti. Mimi nililipiga lile geti la bati kutoka ndani kwa viganja mpaka mafundi wakanitoa.

Neno lile la Meneja ndilo lililomtoa Eliya, na silisemi kwa shukrani. Kesi ilipoitwa hakimu aliuliza mwenye mali ni nani. Wanakijiji walisema si wao. Kampuni, baada ya yale yaliyotokea getini mbele ya watu wote, haikuweza kusema ni yake. Hakimu akavua miwani akasema hawezi kumfunga mtu kwa kuiba kitu kisichokuwa cha yeyote, akaifuta kesi. Lakini nje ya mahakama mtu wa utumishi alikuwa anamngoja na karatasi. Asaini kwamba ameacha kazi kwa hiari, bila mafao, au habari ya chuma cha stoo ianze upya. Mama Danieli akamwambia saini, mume wangu, twende nyumbani. Akasaini amesimama, karatasi iko juu ya mgongo wa yule mtu. Nilimwangalia akiandika jina lake lote. Homa aliyoipata ndani haikumwacha vizuri maisha yake yote.

Mama Nyemo na wenzake walikuwa ng'ambo ya barabara na mashine moja, ile ya kwanza. Nyingine walikuwa wamezirudisha kwao, maana geti halikufunguliwa tena. Eliya alipowafikia walipiga magoti wote, akawanyanyua, hakuwaambia neno baya hata moja. Mama Nyemo akasema, "Mwenye ng'ombe amemkana. Tumekaa tumeongea, tumeona ni wako. Chukua, uanze cha kwako." Nami nikadakia, kwa kuwa nilikuwa nimelifikiria hilo usiku na mchana na niliona ndiyo njia pekee iliyobaki. "Chukua, Kaka Eliya! Siku hizi ni ruksa. Fungua karakana yako, waache wafe na kiwanda chao." Aliusogelea mpini akaushika. Nilidhani amekubali, hata Mama Danieli alianza kutabasamu. Akaukandamiza chini taratibu, ukashuka bila kukamua kitu, akauachia ukapanda. Halafu alilia. Alilia mdomo wazi, mbele ya wanawake, mbele ya mahakama, mtu mwenye sauti ile, akapangusa uso kwa kofia na bado analia. "Changu ningekianza zamani," alisema. "Nani angenizuia? Sikutaka changu mimi. Nilitaka kile chetu kisife."

Mkewe akamshika kiwiko, wakaondoka kwa miguu kuelekea Area D, hawakugeuka. Tukabaki sisi na mashine kando ya barabara, wanawake wa Mlali na mimi, na akapita mtu akatuuliza ni ya nani, inauzwa? Hakuna aliyemjibu.